Tonge la bukari, miaka saba baada ya kupasuliwa

Kwenye matanga moja huko Katuba, hapa Lubumbashi, nilikaa ubavuni mwa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa. Sahani zikaletwa: bukari (ndiyo ugali wetu), sombe ya karanga (majani ya muhogo), kipande cha samaki Thomson. Yaya alianza na samaki. Alipommaliza akachota sombe vijiko vitatu, kisha akamega tonge la bukari lisilozidi ncha ya kidole gumba, akalitafuna na kulitafuna mpaka mama mmoja aliyeketi mbele yetu akashindwa kuvumilia.

"Mama, unakula sawa kandege! Bukari njo chakula. Ao uko mugonjwa?"

Yaya akacheka, akafunika sahani, akaomba mfuko wa kubebea kilichobaki. Hakumweleza yule mama kwamba mwaka 2018, huko India, tumbo lake lilipasuliwa ili apunguze uzito, na sehemu inayopokea chakula ikabakishwa ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya supu. Kijisehemu hicho kimetanuka kidogo tangu wakati huo, kama kawaida yake, lakini sahani ya matanga bado haiingii.

Wanaonisikia nikizungumza habari hii huuliza swali moja: alipunguza kilo ngapi? Nawajibu, kwa sababu ni jambo la kujivunia. Lakini mtu wa Lubumbashi anayejiandaa kupanda ndege kwa ajili ya upasuaji huo mimi ningemuuliza jingine: mwaka wa saba, nani atapima damu yako? Kupasuliwa ni kazi ya saa mbili tatu. Kinachofuata hakina tarehe ya mwisho, na hospitali iliyokupasua iko ng'ambo ya bahari.

Kinachokatwa, na kinachobadilika bila kukatwa

Upasuaji wa kupunguza uzito unaofanyika zaidi duniani ni wa aina mbili. Katika slivu, daktari huondoa kabisa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Katika baipasi, ambayo ndiyo ya yaya, mfuko hautupwi. Kipande kidogo cha juu hutengwa na kushonwa moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, hivyo chakula kinaruka mfuko uliobaki pamoja na mwanzo wa utumbo. Ule mfuko wa zamani ungali mahali pake, unaendelea kutoa maji yake, ila hauoni tena bukari.

Baipasi ni mzee kuliko wengi wanavyodhani. Edward Mason, daktari wa upasuaji wa Iowa huko Marekani, aliona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikuwa wakikonda na kubaki wakonde. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Chikashi Ito waliandika kuhusu kuutumia upasuaji huo kwa makusudi, kwa watu wenye unene uliopita kiasi. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa mepesi: mfuko mdogo, chakula kidogo, mwili mdogo.

Maelezo hayo hayakutosha. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waligundua homoni ya njaa, ghrelini, ambayo hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, sehemu ileile ambayo slivu huiondoa. Tena chakula kinapowahi kufika chini kwenye utumbo, homoni nyingine hupanda, mojawapo ikiitwa GLP-1: inauambia ubongo kwamba umeshiba, na inasukuma kongosho litoe insulini. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anaweza kuona sukari yake ikishuka siku chache baada ya kupasuliwa, kabla hata ya kilo kushuka. Akiendelea kumeza dawa zake za sukari kwa kipimo cha zamani, sukari itashuka mpaka aanguke. Dawa za tension, yaani shinikizo la damu, nazo hupunguzwa kadiri mwili unavyopungua, na si jambo la kujipunguzia mwenyewe nyumbani.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni fungate. Njaa imenyamaza, kilo zinaanguka, fundi cherehani hapumziki kupunguza nguo. Nywele huanza kutoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, watu wanashtuka, kisha huota tena kama protini inatosha. Baadaye njaa hurudi polepole. Haipigi hodi, siku moja unajikuta umesimama jikoni saa nne usiku.

Kila akiba na saa yake

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko mengine. Mwili huweka akiba ya vitamini na madini, na kila akiba huisha kwa wakati wake. Anayejisikia vizuri mwaka wa pili huamini kwamba vidonge alivyoandikiwa vilikuwa vya mwanzo tu. Huviacha, na kwa miezi mingi hakuna kinachotokea. Hapo ndipo mtego ulipo.

Chuma hunyonywa zaidi mwanzoni mwa utumbo, mahali ambapo baipasi imeparuka, na kinahitaji asidi ya tumbo ambayo sasa imepungua. Kwa mwanamke anayepata hedhi, katika mji ambao malaria na minyoo tayari vinakula damu ya watu, upungufu unaweza kujitokeza ndani ya mwaka mmoja. Miongozo ya madaktari humpa mwanamke wa namna hiyo miligramu 45 hadi 60 za chuma kila siku. Chai hukizuia chuma, maziwa na kalsiamu hukizuia pia. Kwa hiyo chuma humezwa peke yake, na kalsiamu ingoje saa mbili au zaidi. Nyumbani kwetu ratiba hiyo imebandikwa mlangoni mwa friji, na yaya amehamisha chai yake ya asubuhi mpaka saa nne. Kwake hilo lilikuwa gumu kuliko kuacha soda.

Vitamini B12 ni mjanja zaidi. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, hivyo upungufu unaweza kuchelewa hadi mwaka wa tatu au wa nne, wakati mtu amekwisha kusahau alipasuliwa. Unaanza na ganzi nyayoni, uchovu, kusahau. Damu inaweza kujirekebisha ukitibiwa, lakini mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12 huenda isirudi ilivyokuwa. Hapa mtu wa Lubumbashi ana bahati kidogo: sindano ya B12 ya mikrogramu 1000 inaingia mwilini bila kupitia tumbo, na inaweza kuchomwa mara moja kwa mwezi. Ila soma maandishi ya boksi. Vidonge vya B kompleksi vinavyouzwa kwa wingi kwenye farmasi zetu mara nyingi vina B12 kidogo mno au havina kabisa, na kuna watu wanaovimeza miaka wakidhani wamejikinga.

Mifupa ndiyo ya mwisho kulalamika. Kalsiamu isipotosha, mwili huikopa mifupani kimyakimya, hadi siku mtu anapoteleza kwenye matope ya mwezi wa pili na kuvunjika nyonga. Wapo wanaosema, "Vitamini D ya nini, na jua lote hili?" Jua ni zuri, lakini halileti kalsiamu, na mtu anayeshinda dukani halioni hilo jua. Kinachopendekezwa ni miligramu 1200 hadi 1500 za kalsiamu kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu, pamoja na vitamini D. Kalsiamu ya sitrati ndiyo inayofaa zaidi kwa tumbo lenye asidi kidogo, na ndiyo ngumu kupatikana hapa. Yaya huagiza kwa wanaokwenda Afrika Kusini.

Kisha kuna vitamini B1, ambayo wengi hawajawahi kuisikia, na ningependa kila muuguzi wa mji huu aisikie. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili au tatu tu. Mtu aliyepasuliwa tumbo akitapika siku kadhaa mfululizo, kwa sababu yoyote, B1 inaweza kumwishia. Macho huanza kuchezacheza au kuona vitu viwili viwili, mwendo unayumba kama wa mlevi, maneno yanachanganyika. Asipopewa B1 haraka, ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja, au akafa.

Fikiria jambo hilo hapa kwetu. Mgonjwa ana homa, anatapika, amechanganyikiwa. Kipimo cha malaria kinasema ndiyo. Kila mtu atasema malaria imepanda kichwani, na huenda ni kweli. Anatundikiwa seramu (dripu) ya glukozi, kwa sababu hajala siku tatu, au kwa sababu kwa miaka mingi kwinini ya mshipa imekuwa ikipitishwa ndani ya glukozi. Lakini mwili hauwezi kuichoma glukozi bila B1. Ukimwaga sukari kwenye mwili uliokaukiwa B1, unamaliza kile kidogo kilichobaki, na hali inaweza kuwa mbaya ndani ya saa chache. Kinachotakiwa si kumnyima seramu wala kuacha kutibu malaria. B1 ya sindano itangulie, au iende pamoja na glukozi. Ampuli za B kompleksi zenye B1 zinapatikana mjini, na dawa yenyewe si ya gharama kubwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayewaza B1 kama hajui tumbo hilo limepasuliwa, na makovu ya upasuaji wa kamera ni madogo kama ya kuumwa na mdudu.

Ndiyo maana yaya hutembea na karatasi iliyofunikwa plastiki ndani ya mkoba wake, pamoja na kadi ya uchaguzi. Imeandikwa Kifaransa, kwa sababu ndicho kinachosomwa kwenye vyumba vya dharura: "Bypass gastrique, 2018. Vitamine B1 avant le glucosé. Pas d'anti-inflammatoires." Baipasi ya tumbo, B1 kabla ya glukozi, hakuna dawa za uvimbe.

Diklofenaki, dawa ya kila kitu

Hilo la mwisho lina kisa chake. Mwaka wa tatu yaya aliumwa mgongo. Alikwenda farmasi moja ya mtaani, akaeleza, akapewa diklofenaki ya siku kumi bila kuulizwa swali lolote. Kusema kweli hakuna aliyeshangaa: kwetu diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kama pipi. Siku ya saba choo kilikuwa cheusi kama lami.

Baada ya baipasi, pale mfuko mdogo uliposhonwa na utumbo ni mahali dhaifu. Dawa za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huondoa kinga ya ngozi ya ndani, na kidonda kinaweza kufunguka pale pale kwenye mshono, kikatoka damu au kikatoboka. Kuchomwa sindano badala ya kumeza hakukuokoi, kwa maana dawa hiyo hufanya kazi yake kupitia damu. Sigara nayo iko kundini. Parasetamoli inaruhusiwa. Aliyefanyiwa slivu huambiwa pia ajihadhari, ingawa hatari kubwa zaidi ni ya baipasi; yeye wa slivu husumbuliwa zaidi na kiungulia kinachoweza kudumu miaka na kuharibu koo la chakula, na si cha kunyamazishwa tu kwa vidonge bila kuangaliwa.

Yaya alipona kwa dawa za kupunguza asidi na wiki nyingi za subira. Tangu hapo haingii farmasi bila ile karatasi.

Meza ya Lubumbashi

Watu hudhani mtu aliyepasuliwa hula mboga za majani na kulia. Hapana. Sheria ya kwanza ni protini kwanza: gramu 60 kwa siku au zaidi kidogo. Yai moja lina gramu kama 6. Hesabu mwenyewe, utaona kwamba tumbo la vijiko viwili haliwezi kufika huko likianza na bukari.

Na bukari, nisamehewe na mababu, ndicho chakula kigumu kuliko vyote kwa tumbo hilo. Ni wanga karibu mtupu, kinajaza nafasi yote kabla samaki hajaingia, na tonge likimezwa zima kama tulivyofundishwa utotoni, linanata na kukwama kifuani. Maumivu yake, anasema yaya, ni kama kumeza jiwe lenye kona. Hakuacha bukari. Aliliweka mwisho wa sahani, na akajifunza upya kulitafuna. Mtu wa Katanga kutafuna bukari! Mama yetu, Mungu amrehemu, angefikiri mtoto amerogwa.

Lakini vyakula vinavyomfaa vimejaa sokoni. Fretin, wale samaki wadogo wakavu wanaouzwa kwa kopo, wana protini nyingi, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao wanaleta kalsiamu. Finkubala, viwavi vya kukaushwa ambavyo watoto wa siku hizi wanavikunjia uso, karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Maharagi, karanga zilizosagwa ndani ya sombe, mayai ya kuchemsha ya wauza mayai wa jioni, kuku aliyepikwa mpaka akalainika. Nimeona watu wakitumia dola nyingi kwa makopo ya unga wa protini kutoka nje na kuupita mlango wa soko la Kenya, la hapa hapa mjini, bila kuangalia ndani. Unga huo una maana wiki za mwanzo, mtu anapokula vya majimaji tu. Baadaye, kwa maoni yangu, ni pesa ya kuonekana.

Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiri nusu saa. Mwezi wa kumi, joto likiwa limekaza kabla mvua haijaanza, sheria hiyo inatesa, kwa sababu huwezi tena kunywa glasi nzima kwa mkupuo. Chupa hukaa mkononi siku nzima, funda kwa funda. Asiyefanya hivyo hukaukiwa, kichwa kinamuuma, naye anatafuta ibuprofeni. Umeona duara hilo.

Vitamu vina adhabu yake. Kwenye harusi moja yaya alikunywa nusu ya soda kwa sababu ya kiu na ya kutotaka maswali. Dakika 15 baadaye moyo ulikuwa ukienda mbio, jasho linamtiririka, tumbo linakata, akakimbilia choo. Shangazi akasema ni tension. Wengine walisema mengine. Kilichotokea ni kwamba sukari iliporomoka moja kwa moja utumboni, ikavuta maji kutoka kwenye damu. Kuna na namna ya pili, ya kuchelewa: saa moja hadi tatu baada ya kula vitamu, insulini huwa imetoka kupita kiasi, sukari ya damu inashuka, mtu anatetemeka na kuona giza. Huyo apewe sukari kidogo hapo hapo, na kisha chakula chenye protini, la sivyo itajirudia. Kinga yake ni kutokula vitamu vikiwa peke yao.

Cha ajabu, vyakula vinavyorudisha kilo ni vile visivyoleta tabu yoyote. Mikate ya mafuta, biskuti, munkoyo wa sukari (kile kinywaji chetu cha mahindi): vinapita laini, havishibishi, na mchana mzima mtu anachovya hiki na kile. Nyama inakataliwa na tumbo, biskuti zinakaribishwa. Mfuko mdogo haumlindi mtu anayekula mara kumi na tano.

Pombe nayo hupita kwa kasi mpya. Baada ya baipasi, chupa moja ya bia hupanda kichwani haraka na kuleta ulevi zaidi kuliko zamani. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, sina haja ya kuieleza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba matatizo ya pombe yaliongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji, hasa kwa waliofanyiwa baipasi. Sehemu ya sababu iko mwilini. Nyingine, nadhani, ni kwamba faraja iliyokuwa ndani ya sahani imefungiwa mlango, nayo inatafuta dirisha.

Maumivu yasiyosubiri

Mambo mawili niyapitie haraka, lakini usiyasome haraka. Kukonda kwa kasi hutengeneza mawe kwenye nyongo. Maumivu yake huja upande wa kulia chini ya mbavu, mara nyingi baada ya mafuta, na ekografi (ultrasound) huyaona. La pili ni la baipasi na linaweza kuja hata miaka kumi baadaye: mafuta ya ndani yanapopungua, hubaki matundu ambapo utumbo unaweza kupenya na kujinyonga. Maumivu huja na kuondoka baada ya kula, wiki kadhaa, halafu siku moja hayaondoki. Ekografi inaweza isione kitu. Inatakiwa skana (CT scan), na daktari wa upasuaji mwenye kujua baipasi ni nini, saa hiyohiyo. Ujue kabla ya siku hiyo ni hospitali gani mjini yenye skana inayofanya kazi usiku.

Kuhusu mimba: uzito unaposhuka, uzazi hufunguka, wakati mwingine kwa mwanamke aliyekata tamaa kwa miaka. Habari njema, ila madaktari huomba asubiri miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie, ili mtoto asigombanie na mama vitamini ambazo hazipo. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri baada ya baipasi. Kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi. Na kama mkunga ataagiza kipimo cha kisukari cha kunywa glukozi, mwambie umepasuliwa, kwani kinywaji hicho kinaweza kukuangusha pale pale kwenye benchi.

Kilo zinazorudi

Hapa kwetu kukonda si sifa ya bure. Mwenye mwili ni mwenye amani, ana mume anayemtunza, biashara inatembea. Yaya alipoanza kupungua, wateja wake wa vikwembe (vitenge) walianza kumtazama shingoni. Neno sida, yaani UKIMWI, halikutamkwa mbele yake. Lilitamkwa kwangu, kwa kunong'onezwa, na watu watatu tofauti. Mmoja aliniletea jina la mchungaji. Ngozi iliyolegea mikononi na tumboni ilizidisha hadithi, na ngozi hiyo hairudi kwa mazoezi. Ni kisu kingine kinachoiondoa.

Kisha, mwaka wa nne, kilo zikaanza kurudi, na maneno yakageuka: kumbe alitupa pesa. Aibu hiyo ya pili ilimuuma kuliko ya kwanza. Aliacha kupima uzito, akaacha na kupima damu, kwa sababu kwenda kupimwa ni kukiri. Hapo ndipo nilipotafuta takwimu, nikapata za Sweden.

Wasweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu 2010 waliopasuliwa na wengine 2037 wenye unene kama wao ambao hawakupasuliwa. Waliofanyiwa baipasi walifika chini kabisa baada ya mwaka mmoja au miwili, wakiwa wamepoteza asilimia 32 ya uzito wao kwa wastani. Mwaka wa kumi ilikuwa asilimia 25. Maana yake, mtu wa kilo 120 alishuka mpaka kama 82, kisha akapanda mpaka 90. Kurudi kwa kilo nane, basi, ndiyo hali ya kawaida ya mwili unaotafuta kiti chake kipya. Kisukari nacho kinafanana: miaka miwili baadaye asilimia 72 ya wagonjwa waliopasuliwa hawakuwa nacho tena, mwaka wa 15 waliobaki hivyo walikuwa kama asilimia 30. Aliyeambiwa "umepona sukari" aendelee kuipima. Na mwaka 2020 walihesabu umri: waliopasuliwa waliishi wastani wa miaka 3 zaidi ya wenzao wasiopasuliwa, ingawa bado pungufu ya watu wa kawaida kwa miaka 5 na nusu.

Sisemi kila kilo inayorudi ipuuzwe. Zikirudi nyingi na kwa haraka kuna la kutafuta: kidonda, mfuko uliotanuka, biskuti za mchana, huzuni, dawa mpya ya ugonjwa mwingine. Siku hizi madaktari huongeza sindano za kupunguza uzito za jamii ya semaglutidi kwa baadhi ya watu hao, na sioni kwa nini lihesabiwe kuwa deni la mtu. Mwenye tension haambiwi ameshindwa akiongezewa kidonge cha pili.

Nilimsomea yaya takwimu hizo jioni moja umeme ulipokatika, kwa mwanga wa simu. Alikuwa amepanda kilo tisa. Alinyamaza, akauliza kama hao Wasweden nao wanakula bukari. Wiki iliyofuata akaenda labo: chuma kimeshuka, B12 nzuri, vitamini D hafifu. Akaanza tena vidonge vyake, kila kimoja na saa yake.

Mwezi uliopita alimpelekea fundi kikwembe kipya. Zamani alikuwa akimwambia abane, abane zaidi. Safari hii alimwambia ashone kwa kipimo cha leo, ila aache kitambaa cha kutosha ndani ya mshono.